Fuata mfereji kwanza: maji katika migodi ya kale ya bati

SWALI: Ninaishi Plymouth, Uingereza. Nikitembea katika nyika za Dartmoor hukutana na mtaro mkavu unaozunguka ubavu wa kilima, kilomita baada ya kilomita, wala haushuki bondeni. Rafiki yangu anasema ni mpaka wa mashamba ya zamani. Mimi nimesikia huko kulikuwa na migodi ya bati. Ni kipi hasa?
Msomaji, Plymouth

JIBU: Tazama tuta. Mfereji wa maji ya mgodi una tuta upande wa bondeni tu, kwa kuwa mchimbaji alitupa udongo upande wa chini ili uwe ukingo. Mtaro wa mpaka hupanda na kushuka bila kujali mwinuko, na mara nyingi tuta lake liko upande wa shamba lililolindwa. Aliyewahi kuona mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji ya Wachaga Kilimanjaro, ataelewa haraka: maji yanabanwa juu kabisa mtoni, kisha yanatembezwa polepole ubavuni ili yafike penye kazi yakiwa bado juu. Mfereji uliohudumia migodi ya bati ya Birch Tor na Vitifer, hukohuko Dartmoor, ulitoa maji mto East Dart na kuyasafirisha karibu kilomita 12.

Ukishaupata, ufuate pande zote mbili. Juu utafika kwenye banio, pengine mawe machache tu yaliyobaki, maana mafuriko hupiga hapo kwanza. Chini tafuta lambo dogo lenye tuta la udongo lililokatwa katikati, halafu shimo refu jembamba lililojengwa kwa mawe: hapo ndipo gurudumu la maji lilipokaa. Mfereji ukikatika ghafla kwenye korongo na kuendelea ng'ambo chini kidogo, usidhani umepotea. Maji yalivuka kwa mlizamu wa mbao; mbao zimeoza, ila misingi ya mawe ya nguzo huonekana nyasi zikiwa fupi. Nenda mwishoni mwa majira ya baridi, asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Kivuli kitakuonyesha usichokiona saa sita mchana.

Usichimbe hata kidogo. Maeneo mengi ya Dartmoor yamehifadhiwa kisheria, na kutumia kifaa cha kutafutia metali humo bila kibali ni kosa.

SWALI: Nasoma akiolojia. Je, mtu anaweza kujua mfereji mkavu ulibeba maji kiasi gani na uliendesha mtambo gani?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Unaweza kukadiria, na ni kazi ya siku moja. Unahitaji vipimo vitatu: upana wa sakafu, kina cha maji na mteremko. Makosa huanzia kwenye upana. Watu hupima mdomo wa mfereji, ambao umeporomoka na kutanuka. Sakafu ya asili imefunikwa na tope na mboji, na kuifikia panahitajika mkato wa kitaalamu wenye kibali. Bila huo, tafuta mahali ambapo kijito kimeshaukata mfereji ukasome ukuta wake. Kina nacho usikichukue hadi ukingoni, kwani hakuna aliyejaza mfereji wa udongo hadi kwenye mdomo. Ungepasuka usiku mmoja.

Mteremko usiupime kwa GPS ya mkononi. Mteremko wa 1 kwa 500 ni sentimita 20 tu kwa mita 100, na kifaa hicho hukosea mita kadhaa za wima. Tumia levo ya mpimaji, au mpira wa maji wa mafundi ujenzi, kwenye kipande cha mita 200 au zaidi.

Tuseme sakafu ni mita 0.6, kina mita 0.3, mteremko 1 kwa 500, na ukwaruzo wa kuta 0.035 katika kanuni ya Manning, inayokadiria kasi ya maji mferejini. Kasi inatoka mita 0.36 kwa sekunde, na maji takriban lita 65 kwa sekunde. Yakiangukia gurudumu la mita 6 kutoka juu, yana kilowati 3.8, toa hasara ya theluthi moja, unabaki na kama 2.5. Gurudumu liliinua michi ya kupondea mawe yenye bati. Mchi wa chuma wa kilo 150 unaoinuliwa sentimita 20 mara 40 kwa dakika unakula karibu wati 200. Basi mfereji huo ungeendesha michi kumi hivi, ukiacha nafasi ya msuguano. Ukikuta jukwaa lenye nafasi ya michi 24, ujue kuna mfereji wa pili hujauona, au lambo lililojazwa usiku na kutumika mchana.

Mitambo ya zamani zaidi iliacha vinu vyenyewe: mawe ya matale yenye mashimo mawili yaliyo jirani, laini kama bakuli. Shimo likizidi kina, jiwe liligeuzwa likatumiwa upande wa pili.

SWALI: Hapa Kyerwa tunachimba bati na kuosha kwenye mwalo, ule mlazo wa kupitishia maji na mchanga. Maji yakiwa mengi tunapoteza mali. Wale wa zamani walizuiaje?
Mchimbaji, Kyerwa

JIBU: Mali inaondoka kwa sababu kasiteriti, yaani madini yenye bati, iliyosagwa kuwa vumbi hubebwa na maji ya kasi, ingawa uzito wake ni karibu mara 7 ya maji, na wa kwatzi, jiwe linaloambatana na bati, mara 2.65 tu. Wao walitenganisha maji ya nguvu na maji ya kuoshea. Ya gurudumu yalikuja kwa wingi. Ya kuoshea yalipunguzwa kwa kilango cha mbao.

Katika karne ya 19 walitumia pia duara la mawe lenye kitovu kilichoinuka. Uji wa mchanga ulimwagwa kitovuni ukasambaa taratibu kuelekea ukingoni, huku mikono yenye brashi ikizunguka kusawazisha uso ili maji yasichimbe vijito. Bati nzito ilibaki karibu na kitovu, mchanga ukaenda ukingoni. Rundo likishajaa waligawa pete tatu: ya ndani iliendelea mbele, ya kati ilioshwa upya, ya nje ilikuwa marudio, yaani mabaki. Kwenye mwalo wako jaribu jambo hilohilo: chekecha kwanza, osha chembe kubwa peke yake na ndogo peke yake, na zile ndogo uzipe maji membamba na mteremko mdogo. Ukiona vijito vinajichora juu ya mchanga, simama usawazishe, kwani hapo ndipo bati inapopita.