Kabla Hujabadilisha Plastiki, Punguza Kete

Sampuli ya kwanza ya toleo la safari la mchezo wa ubao nilioubuni niliionea fahari kweli: kete za mianzi, mfuko wa pamba, hakuna plastiki popote. Nikapanda nayo treni pamoja na rafiki, tukaitandaza kwenye kimeza cha kiti. Hatujafika raundi ya tatu, treni ikapinda kona na nusu ya kete zikaporomokea chini ya viti vya watu. Tatu hatukuziona tena. Mchezo wa mkakati uliopungukiwa kete tatu ni takataka, hata kete zenyewe ziwe za mianzi.

Kosa langu lilikuwa kuchukua toleo la mezani na kulibadilisha malighafi kipande kwa kipande, bila kuuliza kama kipande chenyewe kinahitajika. Ukitaka kutoa toleo la safari lisiloelemea mazingira, anza kwa kufuta. Malighafi zije baadaye.

Toleo langu kubwa lina kete 96, yaani vipande vyote vya kuchezea: sarafu, vibao vya rasilimali na askari. Sarafu niliziondoa zote. Hesabu sasa inafanywa kwa kutelezesha kadi moja juu ya nyingine. Vibao vya rasilimali navyo vikaenda. Askari 12 wa kila mchezaji wakawa wanne, na hapo ndipo nilipoogopa kwamba ninaua mchezo. Kumbe ukiwa na askari wanne, kumpoteza mmoja kunauma, na kila hatua unaifikiria mara mbili. Ila msidhani kufuta ni kazi ya jioni moja. Kila kete uliyoitoa ilikuwa inashikilia kanuni fulani, kwa hiyo ilinibidi kuandika upya bei za vitu na masharti ya ushindi, kisha kuujaribu tena na watu wanaolijua toleo kubwa, maana hao ndio wanaonusa mahali ulipochakachua.

Kuhusu kete kuteleza, wengi watakushauri sumaku. Mimi nilizikataa. Mtoto akimeza sumaku ndogo mbili zenye nguvu, zinaweza kuvutana ndani na kutoboa utumbo. Isitoshe, sumaku iliyogundishwa ndani ya mbao haitenganishwi kirahisi mchezo ukichakaa. Nikarudi kwenye ufundi wa zamani wa sataranji za mfukoni: ubao wenye matundu, na kete zenye mguu mwembamba.

Sasa malighafi, na hapa kuna mitego. Plastiki itokanayo na mahindi, ile iitwayo PLA, huuzwa kwa sifa ya kuoza. Huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Ikitupwa ufukweni itakaa miaka. Mfuko wa pamba nao ulinivunja moyo. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa hesabu zake: kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa ununuzi wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki. Wangu ulikuwa pambo tu ndani ya sanduku lililokwisha kutosha. Nikautoa.

Kadi zilinisumbua kuliko vyote. Zikipakwa utando wa plastiki hudumu, lakini kuzirejeleza ni kazi ngumu. Zikipakwa vanishi ya maji hurejelezeka kwa urahisi zaidi, ila pembe huchakaa mapema. Nilichagua vanishi, nikawaambia wanunuzi waziwazi kasoro yake. Kilichosaidia zaidi ni kushuka kutoka milimita 63 kwa 88 hadi 44 kwa 67, ambako peke yake kulikata karibu nusu ya karatasi. Jaribu tu kuzisoma usiku, taa zimepunguzwa, kabla hujaidhinisha ukubwa wa herufi. Mimi sikufanya hivyo, na chapa ya kwanza macho yaliniambia.

Sanduku likashuka kutoka sentimita 30 kwa 30 kwa 7 hadi 18 kwa 12 kwa 3.5, yaani nane zinakaa palipokaa moja. Faida hiyo unaweza kuitupa yote kwa siku moja ukisafirisha kwa ndege, na kishawishi kitakuja. Kiwanda kilichelewa wakati nilikuwa nimekwisha kutangaza tarehe ya uzinduzi. Niliacha mzigo uje kwa meli, nikaomba radhi, nikatukanwa na wachache. Tangaza tarehe mzigo ukishakuwa ghalani kwako.

Mwisho ni maneno ya kwenye sanduku. Kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, Umoja wa Ulaya unaanza kutumia sheria inayokataza kuwaambia wanunuzi kwamba bidhaa ni "rafiki wa mazingira" bila ushahidi unaotambulika. Hata kama huuzi huko, andika kinachoweza kukaguliwa. Karatasi yenye cheti cha FSC (shirika linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri), sema hivyo, lakini hakikisha kwanza kwamba mchapaji wako mwenyewe ana cheti hicho, maana bila hicho hairuhusiwi kuweka nembo. Nyuma ya sanduku langu pana mistari mitatu: ubao na kadi ni karatasi, kete ni mbao zisizopakwa rangi, na ukipoteza kete niandikie nikutumie moja tu kwa bahasha.

Barua za kuomba kete zimeshaanza kuja. Wengi wamepoteza kete za mbao nyeusi, sijui kwa nini.