Kuandika mtoto "yatima" na mama yake yuko sokoni, inafaa juu ya kupata msaada?

SWALI: Asalam aleikum shehe. Niko dada wa hapa Goma, najitolea kufundisha batoto kusoma ku senta moja ya msaada, bengi ni ba wakimbizi, bengine ni maibobo, batoto ba barabarani. Wageni wanakuja kutoka Ulaya, na direkta ametuambia ku fishi (karatasi ya habari) ya kila mutoto tuandike ni yatima, lakini mama zao ninawajua, wanauzisha samaki kule soko ya Kituku. Siku ya foto tunawavua viatu. Nilikataa, mwalimu mmoja wa madrasa akaniambia ni uongo wa maslahi, haina zambi, na tena makuta (pesa) ni ya bazungu. Nikikataa batoto watakosa uji. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam binti yangu. Barua yako nimeisoma usiku na sikulala vizuri. Fadhila ya kulea yatima sitakueleza, unaijua kuliko wengi wetu maana wewe unafundisha bila mshahara na sisi tunahutubia tu. Usiandike. Haifai. Na hayo ya viatu kwangu ni mabaya kuliko hata fishi, nitayafikia.

Kwanza huyo mwalimu. Anashika hadithi ya Ummu Kulthum binti Uqba, kwamba si mwongo anayepatanisha watu. Hadithi ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, lakini aisome vizuri basi! Watu wawili wamegombana, wewe unapeleka neno zuri huku na huku, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Hapa tuhesabu: aliyetoa kwa nia ya yatima amedanganywa, yatima wa kweli pale Ndosho, mtaa wa hapa Goma, ambaye baba yake aliuawa kwa vita ya Januari 2025 anapunjwa sehemu yake, na mtoto ambaye baba yake angali hai, baba huyo ameuliwa kwenye karatasi. Mungu anasema waiteni kwa baba zao, ni Ahzab aya ya 5. Kwa fiqhi, yaani sheria ya dini, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na baba aliyekwenda kuchimba madini kule Rubaya na hajarudi hatumhesabu maiti mpaka ithibitike. Sasa direkta amepata wapi ruhusa ya kumzika?

Na hii ya "makuta ni ya bazungu" imeniumiza zaidi kwa sababu imetoka kinywani mwa mtu wa dini. Usiku Mtume anahama Makka, Makuraishi wametega mlangoni wanataka kumuua, makafiri hao, na bado alimwacha nyuma Ali ili awarudishie amana zao. Panga ziko nje, yeye anafikiria vitu vya watu. Leo mzungu ametuma dola 20 kwa mtoto wa Masisi, hajatuma panga, halafu tunasema mali yake tumdanganye tu! Aliyepokea pesa ya msaada ni wakili wa mtoaji, anaitumia pale mwenyewe alipotaja, akitaka kubadilisha amuulize.

Kama direkta atasema ni dharura, nyamafu imeruhusiwa kwa aliyekosa chakula kingine, na tena kwa kiasi cha kumwokoa. Direkta ameshajaribu kuandika ukweli akakosa? Andika: mama yupo, walikimbia kutoka Sake, banki za mji zilifungwa kwa vita, anauza ndakala, samaki wadogo, na pato la siku moja linabidi liwalishe siku mbili. Nani atasoma hiyo asitoe? Qurani yenyewe haikumfungia msaada yatima peke yake, kuna maskini, fukara, aliyekatikiwa na safari, mwenye deni, wote hao wako hapa wanabeba bidoni za maji kutoka ziwani kila asubuhi.

Halafu uongo huu haubakii kwenye karatasi. Kule Kamboji (Kambodia), nchi ya Asia, hesabu ilipofanywa kama 2011, karibu watoto watatu kwa kila wanne katika nyumba za yatima walikuwa na mzazi aliye hai, na nyumba hizo zilikuwa zikiongezeka pamoja na wageni waliokuja kutembea na kujitolea. Maana yake mtoto anatolewa kwa mama ili nyumba ipate yatima wa kuonyesha. Tukianza na kalamu tutaishia huko huko.

Sasa viatu. Huyo mama amekesha, amefua ile nguo ya mwanawe, ametafuta viatu vya mitumba pale soko la Birere amfiche mtoto asionekane amedhalilika, nanyi mnamvua mbele ya kamera. Mungu amewasifu maskini ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, iko Baqara 273. Mama huyu anasifiwa mbinguni na senta inamvua sifa yake. Mtoto atakumbuka, binti yangu, uji atausahau lakini atakumbuka mkono uliomvua viatu, usiwe wako.

Usiache kufundisha, wale watoto wana wewe. Shule ya msingi ya bure ilitangazwa 2019 na bado wazazi wanachangishwa, sasa ukitoka wewe nani atawafundisha herufi? Ongea na direkta faraghani, usimwaibishe, inawezekana naye ana hofu ya kufunga mlango. Mpelekee fishi tano ulizoandika kweli, azione. Akikulazimisha kusaini, usisaini, ufundishe tu, dhambi ya wengine haikufuati darasani. Na kama ulishaandika zozote, tubu na uzirekebishe kwa mkono wako.

Juu ya uji, hilo lisiwe mzigo wako peke yako. Sisi Ijumaa tunachanga rangi ya msikiti na watoto wa majirani wana njaa, nimeona haya niliposoma barua yako. Ijumaa hii nitaomba unga na sukari mimbarini, bila kutaja senta. Njoo baada ya Asri na mmoja wa hao mama wa Kituku, tutaenda sote kwa direkta.