Maswali ya petroli yenye ethanoli: jenereta, pampu na bodaboda

Wiki hii maswali karibu yote ni ya ethanoli, yaani pombe inayochanganywa kwenye petroli, naona kuna watu wameanza kujichanganyia wenyewe nyumbani. Haya twende.

Jenereta yangu ya kabureta nikiweka petroli yenye ethanoli asilimia 10 inamisi, nibadilishe jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta? (Kisasa)

Tulia kwanza. Ethanoli inakuja na oksijeni yake ndani, kwa hiyo hewa inataka kidogo: kilo 1 ya petroli inaungua vizuri na kilo 14.7 za hewa, ethanoli tupu ni kilo 9 tu, na kabureta haijui umebadilisha mafuta, inapitisha kiasi kilekile, injini inabaki na njaa. Ila kwa asilimia 10 pengo ni asilimia 3 au 4 hivi, na Dodoma tupo mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari huku inazidisha mafuta, kwa hiyo hivyo viwili vinakaribia kufutana. Mi ningesafisha kabureta kwanza, maana ethanoli inabandua uchafu wa siku nyingi kwenye tenki inauleta wote kwenye jeti. Ikibaki vilevile, iwashe, ipe mzigo wa kweli, mfano pasi ya umeme, afu vuta choki kidogo tu, inapunguza hewa. Ikipata nguvu, mafuta hayatoshi. Ikizidi kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi, tafuta tatizo kwingine. Toa na plagi uitazame: nyeupe pee mafuta kidogo, masizi meusi yamezidi, kahawia ndo yenyewe.

Na nikitaka asilimia 85 kwenye pampu ya bustani ya zabibu? (Hombolo)

Hapo jeti lazima. Mafuta yanaongezeka asilimia 40 na kitu, ila usipanue tundu kwa asilimia 40, kinachopitisha mafuta ni eneo, kipenyo kinaongezeka kama asilimia 20. Jeti ya slo nayo, ile ya injini ikiwa sailensa, usiisahau. Na jiandae kununua mafuta mengi zaidi, lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi. Kwa pampu ya bustani mi sioni faida.

Gongo je? 😂 (Kongwa)

Nilijua litakuja. Gongo ina maji mengi mno, ukiimwaga kwenye petroli vinatengana, maji na pombe chini, petroli juu, na kabureta inavuta kutoka chini. Mwachie mwenye nayo.

Asubuhi za Juni na Julai bodaboda haiwaki mpaka nisukume. (Area C)

Kama umeweka ethanoli nyingi ndo yenyewe, kwenye baridi haitoi mvuke wa kutosha. Washa kwa petroli tupu, ikipata moto ndo uhamie kwenye ya ethanoli.

Nitajuaje kama petroli niliyouziwa ina ethanoli?

Chukua chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, weka maji kidogo, piga alama ya kalamu pale yalipofika, ongeza petroli mara kumi ya maji, funga, tikisa, acha itulie. Mstari wa chini ukipanda juu ya alama, ethanoli ipo, imehamia kwenye maji. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Ukikuta ipo na injini yako ni ya zamani, kagua mpira wa mafuta na oringi, zikilainika au kuvimba badilisha, na usiache mafuta hayo yakae kwenye tenki miezi, yanavuta unyevu.