Haidromita yangu imeharibika ama ni joto la Malindi?

SWALI: Mjomba habari za siku. Nimeanza juzijuzi kupika bia nyumbani hapa Maweni, ndoo moja ya lita 20, nikanunua na haidromita ya glasi, kile kipimo kinachoelea kwenye bia kuonyesha uzito wake. Kabla sijatia hamira ilisoma 1.045, siku ya sita mapovu yakakata nikapima tena, 1.012, nikafurahi. Alafu rafiki akaniambia ijaribu kwa maji matupu, ikasoma 0.997, na maji si yanatakiwa yasome 1.000? Sa nimeuziwa mbovu? Na hizi namba zina maana gani hasa, naweza kutia kwa chupa wikendi hii?
Mpishi mgeni, Maweni

JIBU: Usiitupe mpwa wangu, hiyo haidromita ni nzima. Chungulia ile karatasi ndani ya shingo yake, nyingi zimeandikwa kwa herufi za sisimizi 20°C, yani imepimiwa maji ya digrii 20, na kaskazi hii maji ya digrii 20 utayatoa wapi Malindi? Maji yakipata joto hutanuka, yanakuwa mepesi, kipimo kinazama zaidi kidogo, na kwenye digrii 30 maji matupu husoma hiyohiyo 0.997. Ilikuambia kweli ukaidhania yadanganya. Tia barafu kidogo, thamomita ikifika 20 pima tena.

Maana ya namba ni rahisi. Sukari ya kimea hufanya maji mazito kwahivo kipimo kinaelea juu, ni ujanja uleule wa laktomita ya wanunuzi wa maziwa. Hamira ikiila ile sukari inatoa gesi na pombe, na pombe ni nyepesi kuliko maji, basi kipimo kinashuka. Mnazi unaujua, asubuhi mtamu na jioni mkali, sa wewe umepata kitu cha kuonyesha umeenda umbali gani. Toa 1.012 kwa 1.045 inabaki 0.033, zidisha kwa 131.25 unapata kama 4.3, hiyo ndo asilimia ya pombe. Na kama mara zote mbili ulipima kwenye digrii 30, kila moja iongeze kama 0.003, zinakuwa 1.048 na 1.015, tofauti ni ileile. Shida ni yule anayepima ya kwanza sufuria ikifuka moshi alafu ya pili kwa ubaridi, huyo hesabu yake ni ya kubahatisha.

Lakini iangalie tena hiyo 1.015. Bia ya namna hii mara nyingi huishia kati ya 1.010 na 1.014, kwahivo yako huenda haijamaliza, na mapovu kukata si ushahidi, kifuniko kikivuja kidogo tu gesi inapitia hapo na wewe huoni kitu. Ngoja siku tatu upime tena, namba isiposogea ndo utie chupani. Mimi niliwahi kuamini mapovu, usiku wa manane tukasikia mlipuko tukadhani nazi imeangukia mabati, kumbe ni chupa zangu chini ya kitanda, hamira ilikuwa bado inatoa gesi ndani, tatu zimepasuka na vigae vya glasi mpaka kwa viatu. Nilikoma.

Ukipima, kizungushe kipimo kwa vidole viputo vibanduke, maana vikikigandia vinakiinua na utasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Shusha jicho liwe sawa na bia, soma pale uso wake ulipolala bapa, si pale inapopanda kwenye glasi. Na ile uliyopimia usiirudishe kwa ndoo, utaingiza uchafu, onja tu.

Alafu hiyo ndoo itie kwenye beseni la maji uifunike leso kuukuu iliyoloa, mahali panapopita upepo, hamira nyingi za bia hupenda digrii 18 mpaka 22 na wewe unaipikia kwenye 30, ikija na harufu ya vanishi usiniandikie tena kulaumu haidromita.