Kabla Hujamnunulia Mtoto Vifaa vya Kuchezea, Mfungulie Kabati

Msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia akitaka nimtajie duka la Kariakoo linalouza vifaa vya kukuza hisi za mtoto, kwa kuwa binti yake wa miaka miwili hatulii na kila siku huvuruga kabati la nguo. Dada yangu, kabla hujapanda daladala kwenda kutumia fedha, kaa karibu na kabati hilo umtazame anachokifanya, maana mimi nilichelewa kutazama.

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilimnunulia shati la Idi lenye kola ngumu, la kitambaa kinachong'aa. Alilia mpaka akatapika. Nilidhani ni ukaidi, nikamfunga vifungo kwa nguvu, na katika picha zote za siku ile macho yake yamevimba. Sijazifuta picha hizo, na kila nikizitazama naona aibu yangu, si yake.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Temeke kula sikukuu nasi, hakunigombeza. Alimvua lile shati, akamfunika kanga yake kuukuu, naye mtoto akalishika pindo, akalipitisha mdomoni na shavuni hadi usingizi ukamchukua. Asubuhi bibi akamwekea mkekani kanga mbili, ile kuukuu na nyingine mpya iliyokuwa bado na wanga wa dukani. Akaishika mpya, akakunja uso, akairudia ya zamani, kisha akaishika mpya tena, mara nyingi kuliko nilivyokuwa na subira ya kutazama.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ncha za vidole na midomo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye hisi kali zaidi ya mguso, na kwamba ndiyo sababu mtoto mdogo hukichunguza kitu kwa kukitia mdomoni. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa wanafunzi wake vipande vya vitambaa wavitafutie jozi kwa kugusa tu, macho yakiwa yamefungwa. Vipande vyangu nilivipata bure kwa fundi cherehani wa hapa Tabata, nikaongeza dodoki, kipande cha gunia la katani na ukindu uliochomoka mkekani. Kila alichokishika nilikitajia neno lake: hili linakwaruza, hii inateleza, hii inawasha. Siku aliyosema mwenyewe "inawasha" huku akivuta lebo ya fulana shingoni, niliikata lebo ile, na ugomvi wetu wa kila asubuhi ukapungua kwa kiasi ambacho sikutarajia.

Kutoka hapo akaanza kujivika. Kofia ya babu, viatu vya baba, na juu ya yote kilemba cha kanga ambacho alikiburuta mpaka uani. Wifi yangu alimkuta hivyo, akasema mbele ya wageni kwamba ninamharibu mtoto wa kiume. Nilinyamaza kwa heshima, lakini neno lile bado linaniuma, na leo nalijibu: mtoto wa miaka miwili na nusu anayejifunga kilemba anajifunza kukunja, kuvuta na kupitisha mkono mahali asipopaona, na kazi hizo ndizo atakazozihitaji atakapovaa sare ya shule. Wazazi wenzangu, tuache kuona haya kwa niaba ya watoto ambao wao wenyewe hawana haya. Wiki iliyopita mwanangu, ambaye sasa ana miaka minne, alifunga vifungo vyote vya shati lake pasipo msaada. Kimoja tu kilikuwa kwenye tundu lisilo lake, nami nilikiacha hivyo hivyo mpaka shuleni.

Kwa hiyo, dada wa Mbagala, mpe rafu ya chini iwe yake. Ondoa vifungo vilivyolegea, shanga, na kamba ndefu zinazoweza kumzonga shingoni, na usimwache peke yake akiwa na kanga kichwani. Kama kabatini mna vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, vitoe kabisa leo hii, kwani ni sumu na kwa mtoto vinafanana na peremende. Kisha zianike nguo juani mpaka harufu iishe, ndipo umwite.