Usifomati hiyo diski! Mimi nilidanganywa hivyo hivyo, harusi nzima ya Nansio ikapotea

Mkuu wa Buzuruga, chomoa hiyo eksteno sasa hivi, utamaliza kusoma baadaye. Umeandika diski yako ya TB 1 imegoma kufunguka, Windows inadai uifomati kwanza, yaani uifute na kuipanga upya, ukauliza utumie programu gani, mafundi wa Mwanza wanachaji kiasi gani, na ukinunua nyingine uchukue SSD au ya kawaida. Sawa. Lakini ule mstari wa mwisho ndio umenitoa kitandani: "jirani yangu anasema nifomati tu, mafaili yatarudishwa baadaye". Huyo jirani lazima ni ndugu wa fundi wangu.

Mimi ni mpiga picha. Nilikuwa na harusi ya Nansio, picha na video, sendofu hadi siku ya kuvunja kamati, zote kwenye diski moja ya TB 1 kama yako. Kadi za kamera nilishazifuta nikaenda nazo kwenye kipaimara Kirumba, usiniulize kwa nini. Siku moja nikachomoa waya huku bado inanakili. Kuirudisha, ujumbe ndio huo huo ulioupata wewe, na pembeni imeandikwa RAW. Maana yake kompyuta inaiona diski ila haielewi mpangilio wa mafaili. Picha zenyewe zilikuwa bado zimelala mle mle. Hilo nilikuja kulijua maji yameshamwagika.

Nikampelekea fundi mjini, kibanda kimejaa simu mbovu hadi mlangoni. Hakuuliza hata ndani kuna nini. "Tunafomati, halafu naingiza programu inarudisha kila kitu." Nikamuuliza mara mbili. Akacheka: "Broo, hii ndiyo kazi yangu." Kwenye kile kidirisha cha kufomati kuna tiki ya Quick Format. Yeye akaitoa, eti isafishike vizuri! Kuanzia Windows Vista, ukiitoa ile tiki kompyuta inaandika sifuri diski nzima, mwanzo mpaka mwisho. Ile ya haraka inaharibu orodha tu, mzigo wenyewe mara nyingi unaokoleka. Hii nyingine haikuachii kitu.

Nikakaa kwenye stuli naangalia mstari wa kijani unajikokota, karibu masaa matatu, fundi anakula vitumbua. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila jioni, na kompyuta yake ya mezani haina betri wala nini. Siku hiyo taa hata haikupepesa. Nadhani ni mimi peke yangu Mwanza nzima niliyewahi kulaumu umeme kwa kuwaka.

Programu yake ikaskani usiku kucha, ikaleta mafaili sifuri. Akaniambia diski yangu ilikuwa feki, akachukua elfu hamsini yake. Elfu hamsini! Hata kinyozi akikukata sikio anaona aibu kudai hela.

Nikaenda kwa dogo mmoja Nyegezi, akafungua programu inayoonyesha baiti moja moja. 00 00 00 00. Anashusha, 00 00 00. Anaruka katikati ya diski, 00. Akafunga laptopu polepole, hakuniangalia. Ndipo akaniambia NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows uliokuwa kwenye diski yangu, huweka nakala ya sekta yake ya kuanzia (kile kipande ambacho kompyuta inakisoma kwanza) mwishoni mwa patisheni, yaani mwisho wa eneo lake kwenye diski, na TestDisk, programu ya bure kabisa, pengine ingeirudisha ndani ya nusu saa kama ingeletwa kwake kwanza. Nilirudisha laki sita ya watu, nikapanda meli kwenda Nansio kuwapiga picha upya bure. Bibi harusi tumbo limeshachomoza, gauni la kuazima halifungi mgongoni. Nikampiga kwa mbele tu.

Kwa hiyo shika hili: diski inayoumwa HAIANDIKWI KITU. Inanakiliwa yote kwenda kwenye diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko yenyewe, halafu unahangaika na nakala. Washa kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi badala ya Windows, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Inakusanya kwanza sehemu zinazosomeka, ndipo inarudia zile korofi, na ukiipa faili la ramani, la kukumbuka imefika wapi, unaweza kuisimamisha ukaendelea kesho. Angalia mara tatu ipi inasomwa na ipi inaandikwa. Ukizigeuza umejimaliza mwenyewe, hata fundi wa kumtukana huna. Kwenye nakala ndipo utumie TestDisk, ikishindikana PhotoRec. Hiyo PhotoRec inafukua picha ila majina na folda zinapotea, utapanga mpaka Krismasi.

Na hiyo chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, aliyokushauri jamaa wa hapo juu, ukiiambia irekebishe (/f) nayo inaandika! Inatengeneza mpangilio, picha zako haina habari nazo.

Jaribu kwanza waya mwingine na tundu jingine la USB, wakati mwingine ni hilo tu, na ule ujumbe ukirudi bonyeza Cancel. Ikilia tak-tak-tak, hata ddrescue achana nayo, izime. Kichwa cha kusomea kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mle ndani, kwa hiyo anayetaka kuifungua mezani kwenye vumbi la Igoma mkimbie. Na atakayekwambia uiweke kwenye friza, mwambie hiyo si sangara.

Kulikuwa na jambo jingine umeuliza, la bei sijui, wadau watakusaidia. Umeshaichomoa?