Maswali ya Wasomaji: Filamu Yenu ya Taharuki Ni ya Nani Hasa?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa filamu, na karibu zote zinahusu hadhira lengwa. Tumezifupisha na kuzijibu hapa.

Tunatengeneza filamu ya taharuki ya dakika tano. Kwenye andiko letu tulisema hadhira ni "vijana wa kike na wa kiume wa miaka 15 hadi 35 wanaopenda filamu za kusisimua". Mwalimu amelirudisha na kuandika "pana mno". Je, tupunguze umri?

Punguzeni, lakini hilo peke yake halitoshi. Kasoro kubwa ya sentensi hiyo ni kwamba haiwasaidii kuamua chochote. Mwenye miaka 16 anaogopa picha zake kusambazwa, kutengwa na wenzake, kusema kweli na watu wazima wasimwamini. Mwenye miaka 34 anaogopa kupotewa na mtoto, kufukuzwa kazi, kugundua kwamba mwenzi wake ana maisha mengine. Taharuki hushika pale inapogusa hofu ambayo mtazamaji alikuwa nayo kabla filamu haijaanza, na dakika tano hazitoshi kuzibeba hofu zote hizo.

Andikeni upya mkijibu mambo manne: ana umri gani, kwa tofauti isiyozidi miaka minne au mitano, hutazama nini na ameshachoshwa na nini, anaogopa nini, na ataiona filamu yenu wapi, kwa kifaa gani. Kwa mfano: "Wanafunzi wa miaka 16 hadi 19, wanaotazama kwenye simu usiku wakiwa peke yao, waliozoea visa vya upelelezi na hubashiri mhalifu mapema, na wanaoogopa kuaibishwa mbele ya wenzao." Chini yake wekeni sentensi moja ya hadhira ya pili, pamoja na kitakachoivuta. Jinsia iandikeni tu ikiwa ina kazi katika kisa.

Kisha yapimeni maelezo hayo. Badilisheni jambo moja, tuseme umri au kifaa, halafu mjiulize ni onyesho gani kwenye mswada litakalobadilika. Kama hakuna hata moja, jambo hilo limewekwa kujaza karatasi tu.

Tuligawa dodoso kwa watu 20. Asilimia 95 walisema wangependa kuitazama filamu yetu. Mbona tunaambiwa utafiti wetu ni dhaifu?

Kwa sababu mliuliza swali ambalo mtu mwenye adabu hujibu "ndiyo". Nadhani pia wengi wao ni rafiki zenu. Na kwa watu 20, kila mtu mmoja ni asilimia 5, kwa hiyo asilimia 95 maana yake ni kwamba mmoja tu alikataa. Andikeni "19 kati ya 20", msomaji aone ukubwa halisi wa jambo.

Ulizeni alichofanya mtu, msiulize anachodhani angefanya. "Filamu ya mwisho ya kusisimua uliyoitazama ni ipi? Uliitazama wapi, na nani? Uliimaliza? Kama uliiacha njiani, ni kitu gani kilikufanya uiache?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye mali nyingi kuliko yote, maana hapo watu huacha kusifu na kuanza kusema ukweli: mhusika alifanya upumbavu, mwisho ulijulikana mapema, giza lilikuwa nene mno. Maswali manane hadi kumi yanatosha. Yakizidi, majibu ya mwishoni huandikwa kwa haraka. Makundi ya umri yasigongane: ukiweka 15–18 na 18–21, mwenye miaka 18 anaingia katika makundi yote mawili. Swali la umri na jinsia liwekeni mwishoni.

Baada ya dodoso, kaeni na watu watano au sita walio ndani ya hadhira yenu, kwa dakika 30 au 40. Idadi mtaipata kwenye dodoso. Sababu mtazipata kwenye mazungumzo.

Hadhira yetu imeona filamu nyingi za aina hii. Kila tunayemsimulia kisa anabashiri mwisho. Tufiche mambo zaidi?

Hapana, fichueni zaidi. Hofu ya kubashiriwa ndiyo inayoharibu filamu nyingi za wanafunzi: taarifa zinafichwa mpaka mtazamaji hajui nani anamtafuta nani, na mtu aliyepotea njia hana taharuki, ana kero. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, katika mazungumzo yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966, mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila sisi kujua, tunashtuka kwa sekunde 15. Tukijua lipo, tukaona na saa ukutani, tunakaa roho juu kwa dakika 15 huku wahusika wakizungumza mambo ya kawaida.

Kwa hiyo, pembeni mwa kila onyesho kwenye mswada andikeni nani anajua nini: mhusika, mpinzani wake, mtazamaji. Mtazamaji mzoefu hachoki kwa kujua mwisho. Huchoka akijua njia itakayopitwa. Mlango unaolia, mtu mwenye kofia ya koti usoni, sura inayotokea kwenye kioo: hivi anavijua vyote. Vitumieni kama chambo. Mpeni anachokitarajia dakika ya kwanza, kiishe, aone kwamba ubashiri wake umetimia na bado zimebaki dakika nne. Hapo ndipo anaanza kukaa vizuri.

Hadhira isiyozoea aina hii inahitaji kinyume chake: ishara chache na za wazi, na dau la mhusika, yaani kile anachoweza kupoteza, lieleweke ndani ya sekunde 30 za kwanza. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia mtu "fungua filamu hivi" bila kujua anamfungulia nani.

Watazamaji wetu watatumia simu. Hilo linabadilisha nini zaidi ya ukubwa wa picha?

Sauti kwanza. Spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti nzito, hasa zilizo chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti ni nzito). Ule mngurumo wa chini mliouweka ili kuleta hofu unasikika kwenye chumba cha kuhariri, kisha kwenye simu unabaki ukimya. Tengenezeni nakala yake iliyopandishwa: mngurumo wa hezi 50 ukipanda oktavu tatu, yaani ukiongezwa maradufu mara tatu, unafika hezi 400, na hapo simu inautoa. Afadhali zaidi, beba hofu kwa sauti za katikati: pumzi, bawaba, nyayo juu ya changarawe.

Picha za usiku zikagueni kwenye simu yenye mwanga wa nusu, katika chumba kilichowashwa taa. Mkiona giza tupu, ongezeni mwanga upande mmoja wa uso na ndani ya macho. Ujumbe unaosomwa kwenye skrini ya mhusika uacheni muda wa kutosha kuusoma mara mbili kwa sauti.

Tunalenga vijana kuanzia miaka 12, lakini kuna kisu na damu. Itakuwaje?

Fuateni miongozo ya bodi ya filamu ya nchi yenu, hata kama kazi ya shule haitapelekwa huko. Uingereza, kwa mfano, ina daraja la 12A kwa kumbi za sinema tangu 2002: mtoto chini ya miaka 12 huingia akiwa na mtu mzima tu. Marekani ilianzisha daraja la PG-13, linalowatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, mwaka 1984. Kinachopandisha daraja mara nyingi ni kukawia juu ya jeraha na maumivu. Kisu chenyewe kina uzito mdogo kuliko muda wa kamera. Kateni kwenda kwenye uso wa anayeona, acheni sauti imalize.

Je, mhusika mkuu lazima awe na umri wa hadhira?

Si lazima. Hofu yake ndiyo iwe ya hadhira. Vijana hukubali mhusika aliyewazidi miaka michache kwa urahisi kuliko aliye mdogo kwao.

Tutajuaje kama tumewapata watazamaji wetu?

Onyesheni nakala ya awali kwa watu sita hadi kumi wa hadhira hiyo, wasiohusika na utengenezaji. Msitoe utangulizi. Mmoja wenu akae mbele pembeni, atazame nyuso, si skrini, na aandike dakika na sekunde ambapo mtu ameshika simu, amejigeuza au amecheka pasipostahili. Ikiisha, waandike kabla ya kuongea, maana msemaji wa kwanza huwavuta wengine: nani alifanya nini na kwa nini, ulianza lini kuwa na wasiwasi, ulichoka wapi. Watatu kati ya wanane wakikwama mahali pamoja, pana tatizo pale. Suluhisho watakalopendekeza lisikilizeni, lakini mara nyingi chanzo kiko onyesho moja au mawili nyuma ya pale walipokwama.